Boti ya Nyamisati hadi Kilindoni: Chombo Kizuri, Saa Isiyofuata Maji

Boti ninayoitathmini hapa ni moja kati ya boti binafsi za abiria zinazofanya safari kati ya Nyamisati, wilayani Kibiti, na Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Ni chombo kizuri, kina nahodha anayeijua kazi yake, na kwa nauli inayotozwa abiria hapunjwi. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu aipande bila masharti, kwa sababu wenye boti wamepanga muda wa kuondoka kwa kufuata saa ya ukutani, ilhali njia wanayopita hufunguka na kufunga kwa kufuata maji. Kasoro hiyo moja ndiyo inayozaa karibu kasoro nyingine zote nitakazozieleza, na inaweza kurekebishwa bila kununua hata msumari.

Ninaandika nikiwa Dodoma, na ninawaandikia hasa wakazi wenzangu wa huku bara. Tangu treni ya mwendokasi ilipoanza kutoa huduma kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, safari ya Mafia imekuwa nyepesi kuliko zamani: mtu anashuka Dar es Salaam akiwa bado na nguvu zake, anakwenda Mbagala Rangi Tatu, anapanda basi la Barabara ya Kilwa, anakata kushoto pale Bungu na kuteremka hadi Nyamisati. Watumishi wanaotoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kwenda kukagua miradi, walimu waliopangiwa vituo kisiwani na familia zinazokwenda kumwona papa potwe wote hupita njia hiyo. Wengi wetu maji tuliyoyazoea ni ya mabwawa ya Mtera na Hombolo, ambayo hupungua kwa miezi ya kiangazi, si kwa saa. Abiria wa namna hiyo hukaa ndani ya boti akiyatazama mawimbi kwa hofu, akiamini kwamba hatari yote iko huko, wakati jambo la kuangaliwa zaidi katika sehemu ya kwanza ya safari hii liko chini ya chombo, kwenye kina.

Nyamisati iko upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Mto huteremsha matope na mchanga mwaka hadi mwaka, na matope hayo hujenga mafungu ambayo hayakai mahali pamoja. Mkondo unaopitika leo unaweza kuwa umehama baada ya masika mawili, na ndiyo maana nahodha wa huku hujifunza njia upya kila mara, kwa macho na kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, hata kama amezaliwa hapo hapo. Historia ya delta hii inajulikana pia nje ya nchi yetu kwa sababu hiyo hiyo ya kina. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani yake, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Haikuangamizwa mpaka Julai 1915, zilipoletwa Severn na Mersey, meli za kivita zinazozama kidogo majini, zinazofaa kwa mito na maji ya kina kifupi. Boti za abiria za leo nazo huzama kidogo, lakini kuzama kidogo peke yake hakutoshi pale ambapo maji yenyewe huondoka.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo jinsi maji yanavyokwenda, kwa kuwa bila hilo hukumu yangu juu ya boti hii haitaeleweka. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na muda wake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Katika siku za bamvua, zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili hufika mita 3 na zaidi. Katika siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua hadi kama mita 1. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, kisha hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja hivi mambo hugeuka, na saa 10 alfajiri huwakuta wasafiri maji yakiwa yamepwa au yanakaribia kupwa.

Tiketi ya boti hii imechapishwa maneno yasiyobadilika: kuondoka saa 10:00 alfajiri, kila siku. Kwa siku chache za kila bamvua saa hiyo ni bora kuliko zote, kwa kuwa chombo hutoka kwenye mikoko maji yakiwa juu kabisa, na bila shaka ndivyo ilivyochaguliwa hapo mwanzo. Tatizo ni kwamba imeandikwa kana kwamba kila siku ni bamvua. Katika siku nyingine nahodha analazimika ama kuchelewesha safari bila kuwa na tangazo la kuwaeleza abiria sababu, ama kuondoka na kupapasa njia katika maji machache. Abiria naye, akishazoea kwamba saa ya kwenye tiketi haimaanishi kitu, haoni ajabu boti inapochelewa siku ambayo haikupaswa kuchelewa hata kidogo.

Hilo ndilo lililotokea katika safari yetu ya kwenda. Ilikuwa bamvua, maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na sakafu ya gati, na tulipaswa kuwa tumeshang'oa nanga kabla ya adhana ya alfajiri. Tuliambiwa kuna basi kutoka Dar es Salaam lenye abiria waliokata tiketi kwa simu, na kwamba tuwasubiri. Basi lilipofika, ukaanza upakiaji wa mizigo yake: mifuko ya saruji, mabati, magodoro, katoni za vinywaji. Hakuna hata mmoja kati ya wahudumu wa dirisha la tiketi aliyeonekana kuwa na haraka. Nilikaa ubaoni na bibi mmoja wa Kilindoni ambaye macho yake hayakuondoka kwenye nguzo za gati, na nilipomwuliza, "Bibi, tutaondoka kweli leo?" alinijibu kwa upole, "Tutaondoka, mwanangu, lakini maji hayakutungoja. Tazama chaza zilivyotoka nje." Nilitazama. Kwenye kila nguzo palikuwa na mkanda mpana wa chaza uliolowa, na chini yake maji yalikuwa yakishuka huku yakizunguka nguzo kwa kasi ambayo hata mimi niliweza kuiona.

Jambo ambalo wahudumu wa dirishani hawakulipa uzito ni kwamba maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Mabaharia huigawa tofauti ya kujaa na kupwa katika sehemu 12: saa ya kwanza baada ya maji kujaa hutoka sehemu moja tu, saa ya pili mbili, saa ya tatu na ya nne tatu tatu, saa ya tano mbili, na saa ya sita moja. Ni kadirio tu, lakini linatosha kufanyia uamuzi. Katika bamvua ya mita 3, boti inayochelewa kwa saa moja imepoteza sentimita 25 za kina, jambo ambalo nahodha mzuri hawezi hata kulilalamikia. Boti inayochelewa kwa saa tatu imepoteza mita moja na nusu, na inaingia njiani katika saa ambayo itaondoa sentimita 75 nyingine wakati chombo bado kiko katikati ya mikoko. Kwa hiyo kungoja basi si jambo linaloweza kupimwa kwa huruma peke yake. Kuna muda ambao kuwangoja wasafiri wenzetu ni wema, na kuna muda ambao ni kuwahatarisha wao na sisi pamoja, na mpaka kati ya nyakati hizo mbili unaonekana kwenye jedwali la maji.

Tuliondoka jua likiwa limeshachomoza. Kwa muda safari ilikuwa ya kupendeza, kisha mambo matatu yalibadilika karibu kwa pamoja, na ninayataja kwa sababu abiria yeyote anaweza kuyatambua. Povu nyuma ya boti, lililokuwa jeupe, liligeuka rangi ya chai ya maziwa. Mawimbi tuliyoyaacha nyuma yalipanda na kuvunjika kwa nguvu kwenye mizizi ya mikoko pande zote mbili. Na mlio wa mashine ukawa mzito ilhali mwendo ulipungua. Chombo kinapokwenda kasi katika maji ya kina kifupi, maji yanayopita kati ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na tope hubanwa na kulazimika kukimbia zaidi, msukumo wake wa kukiinua chombo hupungua, na chombo huzama zaidi kuliko kinavyozama kikiwa kimesimama. Kwa maana hiyo nahodha anayeongeza mwendo ili kuwahi maji yasiishe hujishusha mwenyewe kuelekea tope. Nahodha wetu alilijua hilo na akapunguza mwendo mara moja. Hata hivyo tulikuwa tumeshachelewa mno, na boti ikagusa fungu.

Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na mkwaruzo mrefu chini ya miguu yetu, kisha kimya, kisha karibu abiria wote wakasimama kwa pamoja na kukimbilia upande wa kushoto kutazama. Boti ikalala upande huo. Ninaamini huo ndio wakati uliokuwa na hatari kubwa kuliko wote katika safari nzima, ingawa tulikuwa mahali ambapo mtu mzima angeweza kusimama na maji yakamfika kiunoni, kwa sababu chombo kilichoegemea tope hakina tena uwezo wake wote wa kujirudisha wima, na uzito wa watu wengi upande mmoja unaweza kumaliza kilichobaki. Watu hufa katika maji ya kiunoni wakiwa wameangukiwa na mizigo, wamenaswa chini ya paa la chombo au wamekanyagwa mlangoni.

Nahodha hakupiga kelele. Alisimama mahali ambapo kila mtu alimwona, akasema, "Ndugu zangu, kaeni chini kila mtu mahali pake. Kina mama, wapakateni watoto. Hatuzami hapa, ila mkisimama mtatulaza." Watu wakakaa. Alizima mashine moja na kuiinua ili isivute tope kwenye njia ya maji ya kupozea, akamtuma baharia kuangalia kama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, inaingiza maji, na baada ya kuambiwa ni kavu akawaomba waliokaa omo, yaani mbele, wahamie tezi, yaani nyuma, wawili wawili, ili kichwa cha boti kiinuke. Kisha alirudi kinyumenyume kwa mashine iliyobaki, taratibu sana, mpaka mkwaruzo uliposikika tena na boti ikaelea. Kwa utulivu ule na kwa mpangilio ule, nahodha huyu ninampa sifa zote ninazoweza kumpa, na wenye boti wanapaswa kumthamini kwa namna inayoonekana kwenye mshahara wake. Lakini ujuzi wake ulitumika kuwaokoa watu kutoka katika hali iliyotengenezwa dirishani.

Kama tusingenasuka, tungepwelewa juu ya lile fungu mpaka maji yarudi, yaani sehemu kubwa ya siku, juani, tukiwa na watoto na wazee. Na kurudi kwa maji si lazima kuwe ukombozi. Chombo chenye mkuku hulala ubavu maji yakimalizika, na yanaporudi yanaweza kuingia kupitia madirisha na milango ya upande uliolala kabla chombo hakijapata nguvu ya kuinuka. Mabaharia wa mashua na majahazi walilijua hilo, ndiyo maana walizoea kukiwekea chombo magogo ya kukiegemeza kabla ya kukiacha kikauke pwani. Boti ya abiria haina magogo hayo wala haikukusudiwa kukauka.

Sasa chombo chenyewe. Ni boti ya faiba yenye mashine mbili za nje, jambo zuri, kwa kuwa moja ikizimika katikati ya Mlango wa Mafia nyingine inatosha kuiweka boti katika mwelekeo unaofaa dhidi ya mawimbi. Viti vimefungwa barabara sakafuni. Kuna redio ya baharini, na nahodha alinionyesha bila kusita kwamba inafanya kazi na kwamba huiacha kwenye chaneli 16, ambayo ndiyo ya wito wa dharura. Vizima moto vilikuwepo na tarehe zake hazikuwa zimepita. Kitu kimoja cha mwili wa boti kilinikera, nacho ni matumizi ya paa. Magodoro na baadhi ya mabati vilifungwa juu yake. Magodoro hayana uzito wa kutisha yakiwa makavu, lakini hubeba upepo, na yakilowa maji ya chumvi huwa mzigo mwingine kabisa. Mabati hayakupaswa kuwa huko hata kidogo. Kila kilo inayopandishwa juu hukifanya chombo kiwe chepesi kulala na kizito kuinuka, na boti inayopita njia yenye mafungu haina ziada ya kupoteza.

Jaketi okozi nilizikagua kwa karibu, kwa ruhusa ya baharia. Zilikuwa chini ya viti, na kwa kuhesabu viti na jaketi katika safu zetu niliona zinatosha. Niliichukua iliyokuwa chini yangu. Kitambaa chake kilikuwa kizima, sponji yake haikuwa imemeguka, lakini kamba za kifuani zilikuwa zimefungwa fundo gumu ambalo nililifungua kwa meno baada ya vidole kushindwa, na kwenye kitanzi cha filimbi hapakuwa na filimbi. Ndani ya kola palikuwa na lebo iliyosema jaketi hiyo ni ya mtu mwenye uzito wa kilo 43 na kuendelea. Nilizitazama nyingine katika safu yetu, na zote zilikuwa za kipimo hicho. Hakuna hata moja niliyoiona ya mtoto, ilhali katika safu hizo hizo walikuwemo watoto waliobebwa na waliokaa. Jaketi ya mtu mzima haimfai mtoto: akiingia majini humpanda usoni, naye huteleza chini kupitia humo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaozihusu meli za safari za nje, unataka jaketi za watoto zisipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zizidi hapo ikihitajika ili kila mtoto awe na ya kwake. Boti ya safari za ndani si meli ya kimataifa, lakini mtoto ni yule yule na maji ni yale yale. Hili si jambo la kusubiri mkaguzi alione.

Kabla ya kuondoka hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kuzivaa. Katika treni na katika ndege tumezoea kutangaziwa taratibu hata pale ambapo tumeshazisikia mara nyingi. Hapa, ambapo nusu ya abiria wanaotoka bara hawajawahi kuishika jaketi okozi mikononi, tulikaa kimya tukisubiri mizigo ipangwe. Ule muda wote wa kusubiri basi ungetosha kumfundisha kila abiria na kufungua kila fundo.

Upande wa orodha ya abiria nilikuta mwanzo mzuri na mwisho mbaya. Dirishani waliandika jina, namba ya simu na kitambulisho cha kila mmoja wetu, kwa makini. Gatini, hata hivyo, walipanda watu waliolipa mkononi, na sikuona jina la hata mmoja wao likiongezwa. Nchi yetu imeshalipia gharama ya jambo hili mara nyingi mno. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, idadi ya waliokuwemo iliyotajwa siku za mwanzo ilitofautiana sana na ile iliyotolewa baadaye na tume ya uchunguzi, na familia ziliishi katika tofauti hiyo zikiwasubiri watu wao. Orodha isiyo kamili huwanyima waokoaji jambo la kwanza wanalolihitaji, yaani kujua waache kutafuta wakati gani.

Ninaongeza kwamba MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati. Abiria wa bara hudhani kwamba hatari huongezeka kadiri chombo kinavyokwenda mbali na nchi kavu, na huanza kusimama na kubeba mabegi mara wanapoona minazi. Pale Kilindoni tulifika maji yakiwa chini, na kati ya ukingo wa boti na sakafu ya gati palikuwa na ngazi ndefu yenye vidato vilivyofunikwa ukoga wa kijani. Mabaharia walifunga kamba mbele na nyuma, wakaweka matairi ubavuni, na mmoja wao akasimama chini ya ngazi akimshika kila abiria kiwiko. Watoto walipitishwa mkono kwa mkono. Huduma hiyo ilikuwa ya kiungwana na ya kitaalamu, ila msongamano mlangoni haukuzuiwa, na boti ililala upande wa gati muda wote wa kushuka. Kuwaita watu kwa safu, safu mbili kwa wakati mmoja, kungemaliza tatizo hilo siku hiyo hiyo.

Safari ya kurudi ilikuwa bora zaidi, nami ni lazima niseme hivyo kwa haki. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa inavuma, na asubuhi hiyo niliusoma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Mamlaka hiyo hutoa tahadhari pale upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, na siku hiyo hapakuwa na tahadhari. Nahodha naye alikuwa ameusoma. Tuliondoka Kilindoni kwa muda uliopangwa kwa sababu hapakuwa na basi la kungoja, tukaufikia mdomo wa delta maji yakiwa yanajaa, na boti ikapita juu ya mafungu yale yale bila hata kupunguza mazungumzo ya abiria. Kuingia kwenye njia ya mafungu wakati maji yanajaa kuna faida ambayo kutoka wakati yanapwa hakuna: ukigusa, dakika chache zijazo zitakuinua. Chombo kilikuwa kile kile, nahodha yule yule, njia ile ile. Kilichobadilika ni saa.

Kwa atakayeipanda boti hii akitokea Dodoma, ushauri wangu ni aanze na mwezi kabla ya tiketi ya treni. Siku zinazokaribia mwezi mwandamo au mwezi mpevu zinaifaa ile saa 10 alfajiri. Siku za katikati hazifai, na ni afadhali kuulizia chombo kitakachoondoka mchana maji yakiwa yamejaa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania hutoa majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji kila mwaka, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Atenge usiku mmoja wa ziada, kwa sababu mtu mwenye kikao Dodoma kesho yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kumshinikiza nahodha aondoke maji yakiwa yameisha, nami nimewasikia watumishi wenzangu wakifanya hivyo kwa sauti ya mamlaka. Atakapofika gatini atafute leseni na cheti cha chombo, vinavyosimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na asome idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Kama ana mtoto, aulize jaketi ya mtoto dirishani kabla ya kulipa, si baada ya kupanda. Akipata kiti, afungue fundo la jaketi yake mapema, na boti ikigusa chini asisimame.

Niliwaandikia wenye boti barua nikieleza haya yote, na walinijibu kwa adabu na bila kuchelewa, jambo ambalo ninawashukuru. Wamesema jaketi za watoto zimeagizwa, filimbi zitanunuliwa, na hakuna abiria atakayepanda tena bila kuandikwa. Kuhusu ombi langu kubwa, yaani kuchapisha muda wa kuondoka unaofuata jedwali la maji na kuweka kikomo cha kusubiri ambacho hata dirisha la tiketi haliwezi kukivuka, walijibu kwamba abiria hawapendi saa inayobadilika kila siku. Sikubaliani nao. Watu wa Mafia wanaijua bamvua tangu utotoni na hawatashangaa, na sisi wa bara, ambao hupokea ujumbe wa simu kwa kila kitu kuanzia luku hadi tiketi ya treni, tunaweza kupokea na ujumbe wa saa ya maji. Nimewaandikia tena na kuwaambatanishia jedwali la mwezi ujao likiwa na muda unaofaa kwa kila siku. Mpaka watakapoupokea ushauri huo, nitaipanda boti yao katika siku za bamvua tu, na ikichelewa zaidi ya saa moja na nusu baada ya maji kujaa nitashuka na kuomba nafasi katika safari inayofuata.